Koti la Kikorea kwa Mwanvua

Mwanvua, fundi cherehani wa Matonge, mtaa wa Waafrika jijini Brussels, hakuamini mambo mawili: zipu za bei rahisi na mteja anayesema, "Sisi tunajuana." Kabla vita havijamleta huko, alikuwa akishona sare za harusi kwao Buyenzi, Bujumbura. Sare ile hupewi ila na wenye harusi. Ukionekana umeivaa hivihivi, mlangoni utaulizwa: nani amekupa?

Basi mwaka 1996 mbunifu wa mitindo aitwaye Solange akamletea koti fupi la hariri, la Kikorea, lenye utepe mrefu kifuani. Alitaka lifumuliwe lote, kila kipande kipimwe, kisha yashonwe mengine ya kitenge kwa ajili ya maonyesho.

"Nani amekupa?" Mwanvua akauliza.

"Nimelinunua mnadani. Donc ni langu."

Mwanvua hakulifumua. Alilitundika ukutani, akawa analitupia jicho kama mali ya wizi.

Antoinette, msusi wa mlango wa pili, mtu wa Bukavu, akamcheka. "Maman Mwanvua, fanya kazi tu! Bitenge yenyewe inatoka Hollande, na tunasema ni ya kwetu. Bon, nani alitupatia?"

Mwanvua akanuna.

Mchana akaingia msichana wa Kikorea, Carine, anayezungumza Kifaransa cha Brussels hasa. "Madame, msusi ameniambia mtalifumua koti lile. Tafadhali, hiyo ni nguo ya kwetu."

Kwa nini aje leo? Mwanvua akaona mtego wa kumnyang'anya koti. "Ya kwenu? Haya, livae."

Carine alilivaa, akafunga utepe kama kamba za viatu.

"Ndivyo linavyofungwa?"

"Sijui." Machozi yalimlengalenga. "Nililetwa mchanga, nikalelewa na Wabelgiji hapahapa, mtaa wa Forest. Naolewa karibuni, nami nataka kuolewa nalo. Lakini hakuna aliyenipa."

Jioni Solange alirudishiwa koti zima, na kazi ikaondoka nalo.

"Nishonee langu," Carine akasema.

"Umbo lake limo kichwani mwangu. Lakini ukiulizwa nani amekupa, utasema mwanamke wa Burundi? Mlete mama wa kwenu, akae hapa aone kila mshono."

Moyoni alikuwa na hakika kwamba hatamwona tena.

Jumamosi Carine, baada ya kutafuta kanisa hadi kanisa, akaja na bibi mmoja wa Kikorea. Bibi hakusalimu. Alipitisha macho kwenye vitenge, kwenye cherehani, kisha akamkagua Mwanvua kutoka mtandio hadi kandambili.

"Na wewe," akasema kwa Kifaransa cha kuvunjika, "nani amekuruhusu?"

Mwanvua alitabasamu kwa mara ya kwanza juma lile. Akamvutia kiti.

"Karibu, maman. Sasa tunaweza kuanza."

Bibi akakitikisa kiti kwanza, ndipo akaketi.