Kaka Yangu Alichuchumaa Ukingoni

Kaka yangu wa tumbo moja aliniona nazama, akachuchumaa, akatoa sigara.

Usifikiri nimehadithiwa. Yamenikuta mimi mwenyewe, Ajako, huku kwetu kaskazini mwa Grinlandi.

Mwaka ule barafu ilituzingua. Desemba bahari iliganda, upepo ukaja ukaivunja. Januari ikaganda tena, ikavunjwa tena. Boti haipiti, sleji ya kukokotwa na mbwa haipiti. Sili tunaowawinda wako huko nje wanaogelea, sisi tuko ndani tunakula wali na biskuti za dukani.

Mbwa ndio waliokoma. Walianza kutafuna mikanda yao. Wenye mbwa wengi wakawa wanapiga risasi walio dhaifu ili wengine wapate kula.

Februari, siku chache baada ya giza la miezi ya baridi kuisha na jua kurudi, upepo ukalala. Ikashuka baridi.

Nasema baridi. Unatema mate yanafika chini yakiwa kokoto.

Bahari ikafuka moshi. Moshi ulipokata, maji yakawa mazito kama uji, kisha ngozi nyeusi ya barafu ikatanda hadi ng'ambo ya ghuba. Kijiji kizima kikatoka nje kuangalia. Watu wakatugeukia mimi na kaka yangu.

Kuifuatilia barafu ni kazi yetu, tulirithi kwa baba. Kila asubuhi tunatembea juu yake na mtaimbo, tunagonga, tunatoboa, tunapima unene, tunachomeka vijiti. Kisha Masauna, kaka yangu, anatangaza kwenye redio ya kijiji: hapa mtu apite, hapa sleji ipite, hapa bado. Akisema bado, hata mlevi hagusi.

Sasa nikupe kisa cha mimi na yeye.

Masauna na mkewe Regine walikuwa na binti mmoja, Eqilana. Akafa kwa homa akiwa hajaanza hata shule. Muda si mrefu mke wangu Inaluk akajifungua wa kike. Kwetu jina la marehemu anapewa mtoto anayezaliwa, na kwa macho yetu ni yule yule karudi. Tukamwita Eqilana. Regine akawa anamwita "mwanangu", na hakuna aliyeshangaa.

Halafu wakamtaka moja kwa moja.

Kumlea mtoto wa ndugu ni jambo la kawaida huku. Masauna, lile dubwana la mtu, alikuja akapiga magoti kwenye sakafu yetu. Inaluk akasema, "Shemeji, aje ashinde kwenu, ale kwenu, nyie ni wazazi wake pia. Lakini kulala atalala kwangu. Uchungu niliusikia mimi."

Regine akapanda helikopta, akaenda kusini. Hakurudi.

Masauna hakusema neno. Aliendelea kunitania kama zamani, tukaendelea kupima barafu pamoja. Nikajua yameisha.

Basi asubuhi ile akaniambia, "Dogo, wewe mwepesi. Kapime pale rasini, mimi nipige upande huu."

"Pale si pana mkondo?"

"Kwa baridi hii? Mkondo wenyewe umeganda. Au unaogopa? Nikuitie mkeo akushike mkono?"

Nikacheka. Nikaenda.

Barafu changa ya bahari haipasuki kama kioo. Inabonyea, kama godoro. Nikasikia inabonyea. Nikagonga, mtaimbo ukapita mzima mzima ukaniponyoka. Kabla sijageuka, mguu ukafuata.

Nikaenda hadi shingoni.

Pumzi ikakata. Nikaweka viwiko ukingoni, ukingo ukameguka. Nikaweka tena, ukameguka tena.

"Masaunaaa!"

Alikuja. Hakukimbia. Alikuja anagonga taratibu mpaka akapata mahali pagumu, karibu kabisa na mimi. Akachuchumaa. Akatoa sigara, akawasha.

"Maji yakoje?"

"Kaka, nipe mtaimbo nishike!"

"Nakuuliza, yakoje?"

"Acha masihara, nakufa!"

"Bado. Mtu hafi haraka hivyo. Vinatangulia vidole, halafu mikono, halafu unaanza kusikia joto. Ukisikia joto, niambie."

Nilimwangalia machoni nikatafuta utani. Haukuwepo.

"Eqilana ni mtoto wa nani?" akauliza.

"Kaka..."

"Jibu swali."

"Wangu. Ni wangu, kaka, tafadhali..."

Akavuta, akapuliza moshi pembeni usinifikie. Mstaarabu. "Jaribu tena."

Miguu sikuisikia tena. Mikono ya koti langu ilikuwa imeshikana na barafu, nadhani ndiyo iliyonizuia nisiende chini.

"Wako!" nikalia. "Ni wako! Mchukue!"

"Sema umenipa."

"Nimekupa! Kwa kinywa changu nimekupa!"

Akazima sigara kwenye barafu, kipande kilichobaki akakirudisha mfukoni. Akalala kifudifudi, akanisogezea mtaimbo, akanivuta nje kama anavyovuta sili. Akanivua, akanivalisha koti lake, yeye akabaki na sweta. Akanifunga kwenye sleji, akawakimbiza mbwa mpaka mlangoni kwangu.

Kisha akaenda kutangaza redioni. "Rasini msiguse. Mdogo wangu kaingia majini. Namshukuru Mungu nilikuwa karibu."

Kina mama wakampelekea keki.

Mimi kitandani, vidole viwili vimekuwa vyeusi, Inaluk ananilisha supu huku analia. "Shemeji yangu yule, Mungu ambariki. Bila yeye ningekuwa mjane."

Nikakaa kimya. Ningeanzia wapi?

Baridi ikaendelea kubana. Barafu nyeusi ikawa kijivu, kijivu ikawa nyeupe, maua ya theluji yakachanua juu yake. Masauna akatangaza sleji zipite. Wanaume wakatoka, wakarudi na sili, mbwa wakala wakatapika wakala tena. Kijiji kikawa sherehe.

Mchana mmoja akaja kwangu. Mbwa wamefungwa tayari, ngozi imetandikwa juu ya sleji. Inaluk akampokea kwa furaha, akammiminia kahawa.

"Sijaja kunywa, shemeji. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Inaluk akacheka. "Mchukue, ila jioni umrudishe."

"Muulize mumeo."

Inaluk akanigeukia. "Anasema nini huyu?"

"Nilikuwa ndani ya maji," nikasema.

"Sijakuuliza ulikuwa wapi. Anasema nini?"

Nikamwambia yote. Sigara, swali, jibu langu. Eqilana alikuwa sakafuni anachana picha kwenye gazeti, hata hakuinua kichwa.

Masauna akatikisa kichwa taratibu.

"Kaa naye, Inaluk. Simtaki," akasema. "Wangu yuko kaburini. Mke wangu aliondoka kwa sababu nilishindwa kumletea mtoto. Nilitaka tu ujue mumeo anavyoweza kumtoa mwanenu."

Nyie! Kumbe wiki nzima nalala namwaza mtoto, na mtoto hata hatakiwi.

"Inaluk, yalikuwa maneno tu!" nikasema. "Ningesema chochote anitoe!"

"Najua. Hata mimi ningesema." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Ungeniambia jioni ile ile ningemfuata huyu na shoka. Lakini umekaa kimya siku zote hizi, unamwangalia mtoto anakula. Nijibu kitu kimoja. Ulikuwa unafikiria kumpa?"

Nilichelewa kujibu.

Sekunde chache tu. Zilimtosha.

Akamvalisha Eqilana buti na koti la manyoya. Akafunga nguo kwenye mfuko. Kisha akamwambia Masauna, "Wewe ni shetani. Lakini mbwa wako wako tayari na barafu unaijua. Tufikishe kwa mama yangu ng'ambo."

"Inaluk, uende na huyu?" nikapiga kelele. "Huyu aliyetaka kuniua?"

"Huyu namjua anataka nini," akasema. "Wewe sikujui."

Wakapanda. Nikasimama mlangoni na bandeji mkononi, nikawaangalia wanapita katikati ya vijiti hadi wakawa nukta. Eqilana alinipungia. Alidhani anaenda kutembea.

Inaluk na mtoto hawakurudi. Masauna alirudi peke yake, akalisha mbwa wake, kesho yake akaenda kupima barafu.

Ndugu yangu unayesoma, mtu uliyemnyima kitu akikaa kimya, usijidanganye kwamba amesamehe. Mfuate mkae chini, hata kama mtatukanana. Na ukitoka kwenye balaa ukiwa umesema jambo la aibu, liseme nyumbani siku hiyo hiyo, ukiwa bado unatetemeka. Siku hiyo watakuonea huruma. Ukilikalia, watataka kujua ulikuwa unalifanyia nini.

Baridi ile iliendelea hadi Aprili. Watu bado wanaisifia; wanasema hawajawahi kuona barafu nzuri kama ile.