Adresi ya Marehemu Papa Salumu

Hapa kwetu Kasongo, mimi ndiye niliyejipa cheo cha mlinzi wa ordinatere, yaani kompyuta, ya nyumbani. Hakuna aliyenichagua. Wezi walipoiba adresi ya imeili ya baba mkwe wangu, Papa Salumu, na kuanza kutuandikia uongo kwa jina lake, yeye akafungua adresi mpya. Lakini mke wangu akaendelea kuijibu ile ya zamani. Basi nikapata akili. Katika daftari la adresi, ile ya zamani nikaiandika "Marehemu Papa Salumu". Nani atamjibu marehemu?

Kisha nikaandika barua ya kuwaonya watu juu ya wezi hao, nikaituma kwa daftari zima. Sikujua kwamba juu ya barua kila mtu angeyaona majina yote, vilevile nilivyoyaandika.

Kesho yake asubuhi nikasikia vilio. Majirani walipita mbio na mikeka na kuni za matanga.

"Papa Salumu amekufa!"

Nikakimbia pekupeku, nikajitupa mlangoni kwake, nikalia kuwashinda wote.

Papa Salumu akatoka na mswaki mdomoni.

"Mukwe, nani amekufa?"

Jirani mmoja akamnyooshea simu.

"Papa, tulisoma jina lako hapa, kwa barua ya huyu mukwe wako."

Papa Salumu akavaa miwani, akanitazama, kisha akawasomea waombolezaji mstari wa kwanza kwa sauti: "Ndugu zangu, musiamini kila kitu munachosoma."