Maji Kinywani

Mtaani walijua yule mstaafu mpole aliwahi kuwahoji wafungwa wa serikali kwa kuwamiminia maji usoni. Kila akija kusafishwa meno hukunja koti lake taratibu, akamsalimu mhudumu, Maribeth, kwa sauti ya kubembeleza, kisha akalaza mikono mapajani. Leo maji yalimpalia. Akamdaka Maribeth mkono.

“Zima! Zima maji!”

Maribeth akazima, moyo ukimwenda mbio. Mzee alikohoa, akajifuta midomo.

“Dakika moja tu ya hivi, binti, na kila mtu husema.”

“Husema kweli?”

“Husema ninachotaka kusikia.”

Akatabasamu, lakini mkono hakuuachia. Kidole gumba kilitulia juu ya mshipa, kikisikiliza mapigo.

“Mbona unatetemeka? Sijakuuliza kitu bado.”