Mstafeli wa Nyumba ya Vioo

Tangu Januari ile Msabaha alikuwa hakai wala hasimami. Chai ataimimina, ataiacha mezani ipoe, atatoka uani na kandambili juu ya barafu kwenda kutazama kipimajoto cha nyumba yake ya vioo. Digrii ishirini na mbili. Atarudi ndani, atashika kikombe, moyo umwambie pengine hita imezimika, atoke tena. Hata kazini, uwanja wa ndege wa Heathrow, London, alikokuwa akipakia mizigo, wenzake wakienda kuvuta sigara yeye anakimbilia simu ya sarafu kumpigia jirani yake.

"Jaswant, hebu nenda kanitazamie."

"Nimetoka huko sasa hivi, bwana wee! Huo mti umelala vizuri kuliko mimi."

Jaswant alikuwa seremala, Singasinga wa Nairobi, na ndiye aliyemjengea Msabaha nyumba ile ya vioo, kwa madirisha makuukuu waliyoyaokota pale Hounslow watu walipokuwa wakitia mapya. Ndani yake, kwenye pipa lililokatwa nusu, ulisimama mstafeli. Mbegu zililetwa na msafiri mwaka wa sabini na tisa, zimeviringwa kwenye pamba, na aliyezituma kutoka Wete, Pemba, ni Bi Kijakazi, mamake Msabaha.

Msabaha aliondoka Pemba mwaka wa sitini na nne, miezi michache baada ya mapinduzi, kijana wa miaka kumi na tisa, bila hata kuagana na watu sawasawa. Baba akafa, yeye yuko London. Mama akaugua, yeye yuko London. Miaka ishirini na nne hajampa mamake hata tonge moja kwa mkono wake, na jambo hilo lilimuuma kuliko yote. Kwenye barua, lakini, loo! Huko hakukuwa na uchungu. Nyumba nzuri, kazi nzuri, na hiyo baridi mnayoisikia ni maneno ya watu tu. Mstafeli nao, aliandika, umestawi uani. Hakusema kwamba unaishi ndani ya vioo, kwamba una hita yake na blanketi lake, na kwamba yeye mwenyewe huizima hita ya chumbani kwake ili aweze kuiwasha ya mti. Mama wa watu ahuzunishwe kwa nini?

Miaka ikapita mti unatoa maua, maua yanadondoka. Mdudu wa kuyachavusha ng'ambo ile hayupo. Mwishowe Msabaha akaishika kazi ya mdudu yeye mwenyewe: anakung'uta unga wa ua lililokomaa, anaupaka kwa brashi ndani ya ua linaloanza kufunguka. Septemba ile alipaka maua ishirini, likashika moja. Moja tu, jamani! Na kabla mwaka haujaisha ikaja barua kwamba Bi Kijakazi amepata paspoti, atakuja mwezi wa Machi. Msabaha akaapa: kitu cha kwanza atakachokula mama nyumbani kwangu ni stafeli hili.

Machi ikaingia. Stafeli likawa kubwa kama kichwa cha mtoto, bado wiki mbili liive. Jaswant akaja kulitazama, akashika kiuno.

"Aisee! Tunda kubwa namna hii sijaona hata Mombasa!"

Hakuna mashaallah wala nini. Angejuaje, naye si dini yake? Lakini Msabaha alimtoa mbiombio, akafunga mlango. Kesho yake akaona jani moja limegeuka manjano. Moja, na mti una mamia! Basi, mbio kwenye simu. Akapiga Wete, kwenye duka la jirani, akangoja mpaka mama akaitwe.

"Mama, stafeli wamelitia jicho!"

"Usinambie! Fukiza, mwanangu. Ubani, na Ayatul Kursi mara saba. Siku tatu chini ya mti, moshi uuzunguke vizuri."

Akafukiza. Chetezo kakiweka kando ya pipa, makaa yanawaka, mlango kaufunga joto lisitoke, nyufa kaziziba kwa magazeti. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, moshi umejaa humo hata mti hauonekani. Na Msabaha huyu huyu, utotoni, alikuwa akimsaidia babake kuvundika ndizi kwa moshi! Moshi uliofungiwa huivisha tunda lililokatwa, lakini mti wenyewe huudondosha majani na matunda; hayo alikuwa akiyajua toka zamani. Lakini kwa hofu ile, angekumbuka saa ngapi?

Alhamisi asubuhi, mama anafika Jumamosi, alikuta majani yametapakaa chini na stafeli limelala katikati yake, gumu, bichi. Msabaha akakaa sakafuni akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Bi Kijakazi alifika na koti la kuazima juu ya buibui. Chai hakuitaka.

"Nipeleke kwenye mstafeli wangu."

"Pumzika kwanza, mama."

"Nimepumzika kwenye ndege."

Akasimama kwenye mlango wa vioo. Akaitazama hita, blanketi lililozungushiwa pipa, magazeti kwenye nyufa, majivu kwenye chetezo, na mti mtupu.

"Ulifukiza humu? Na mlango umeufunga?"

"Si ulinambia nifukize, mama?"

"Nilikwambia ufukize mti wa uani! Mimi nitajuaje kuwa mti wenyewe unakaa ndani ya nyumba? Hukuandika!"

Msabaha akainama. "Sikutaka ujue baridi ilivyo."

Mama akageuka. Akarudi ndani, akaingia chumbani kwa mwanawe, akaigusa hita. Baridi. Juu ya kitanda akaona majaketi matatu na kofia ya sufu ya kulalia.

"Mti unapewa moto," akasema. "Na wewe je, mwanangu? Miaka yote hii nani anakuwashia wewe?"

Msabaha akaanza kuyakunja majaketi. Bi Kijakazi akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akauliza jiko liko wapi. Stafeli lile bichi akalimenya, akalikatakata, akalipika kwa tui la kopo kama anavyopika papai bichi kwao Wete. Lilipoiva, Msabaha akamega tonge, akalipeleka kinywani mwa mamake.

Mama akaushika mkono ule hewani.

"Kwanza kawashe hita ya chumbani kwako," akasema. "Ndipo nile."