Salamu ya Mlangoni mwa Gari

Watoto walimwita Bi Marahaba, na sisi walimu tukalichukua jina hilo, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea. Alifundisha darasa la awali, watoto wa miaka mitatu hadi mitano, nami nikifundisha darasa la kwanza, ukuta kwa ukuta. Kwa miaka ishirini na moja nilimsikia kupitia ukuta huo. Herufi alizipa nusu saa, salamu alizipa asubuhi nzima. Watoto wake walifika kwangu hawajui kuhesabu hadi kumi, nikanung'unika wee, lakini hakuna hata mmoja aliyefika akiwa hajui kumwamkia mtu mzima. Kusema kweli nilimwonea wivu.

Alikuwa na utaratibu wake, na ole wako uuguse. Gari la shule likisimama, watoto walishuka mmoja mmoja na kumsalimu kila mtu mzima kwa zamu: dereva kwanza, kwa kuwa ndiye aliyefungua mlango, kisha mlinzi, mpishi, halafu sisi walimu, tumejipanga barazani kama tunaopokea wageni wa harusi. Asiyemaliza mstari hapati chai. Wazazi walipenda sana. Mwanao anarudi nyumbani anamwamkia hata paka, utalalamika nini?

Muhula ule alikuja binti wa fundi cherehani, miaka minne, mdogo wa umbo, mwenye sauti safi. Alimsalimu mlinzi. Alimsalimu mpishi na kumuuliza kama magoti yamepoa. Dereva naye alimsalimu siku za kwanza, kisha ghafla akaacha. Akishuka garini aliinamisha kichwa na kumpita upesi.

"Rudi, mwanangu," Bi Marahaba alimwambia. "Umemruka baba dereva."

Mtoto akakaza midomo.

"Mwache tu, Mwalimu," dereva alisema huku akicheka. "Ndio watoto wa siku hizi."

Maneno hayo yalimchoma Bi Marahaba. Wiki tatu nzima alimsimamisha mtoto kando ya gari mpaka chai ikapoa. Hakumpiga, hajawahi kumpiga mtoto. Alimbembeleza, akamwimbia, akamshika mkono na kumsogeza kwa dereva. Na mimi, nisijitoe, nilisema mbele ya wenzangu kwamba katoto kale kana kiburi.

Alhamisi moja akasalimu. Aliweka mikono nyuma, macho kwenye viatu vya dereva, akasema haraka, "Shikamoo, baba dereva." Tulipiga makofi. Bi Marahaba alimbandika nyota nyekundu ya karatasi kifuani, na machozi ya furaha yakamlengalenga.

Alasiri ile ile mama wa mtoto, akitoka kupeleka nguo za mteja, aliliona gari letu kituo cha mafuta, akaona amchukue mwanawe hapo hapo. Hakumwona kwenye kiti chochote. Alipoita, sauti ilimjibu kutoka nyuma ya kiti cha mwisho, mahali pa tairi la akiba, chini ya turubai. Mtoto alikuwa ametapika garini mara moja, mwanzoni mwa muhula. Tangu siku hiyo dereva alimsafirisha huko nyuma, na kumtoa wakikaribia shule au nyumbani. Alimwambia akilia atamshusha njiani. Wenzake waliambiwa kwamba atakayesema atakaa huko naye.

Kesho yake polisi walimchukua dereva, na mkuu wa shule akatuita ofisini. Kabla mama hajaingia alituambia, "Kosa ni la dereva. Habari za salamu hazina haja ya kutajwa." Niliitikia kwa kichwa, tena kwa moyo mweupe. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Mama aliingia macho yamemvimba, akamshika Bi Marahaba mikono yote miwili. "Nyumbani anakutaja wewe tu, Mwalimu. Laiti angekwambia wewe."

Ningekuwa mimi, ningenyamaza. Angenyamaza, angebaki vile vile alivyokuwa, mwalimu wa kusifiwa na kila mzazi.

"Aliniambia," Bi Marahaba alisema. Mkuu alikohoa, lakini yeye akaendelea. "Kila asubuhi alikataa kumsalimu yule mtu. Mimi nikaona ni utovu wa adabu. Nilimshika mkono nikamsogeza kwake."

Mama aliiachia mikono yake. "Alikuwa analia?"

"Hapana. Alikaza midomo tu."

"Mwanangu akiogopa hukaza midomo," mama alisema. "Ungeniuliza, ningekwambia."

Alichukua mkoba wake akatoka, na hakuna aliyethubutu kumsindikiza.

Jumatatu alimleta mtoto mwenyewe, kwa miguu, maana shule nyingine ilikuwa mbali na kazi za watu zilikuwa zinamngoja kwenye cherehani. Bi Marahaba alikuwa ameuvunja ule mstari. Alitukataza kusimama barazani, akabaki peke yake mlangoni mwa darasa. Mtoto alipomkaribia, alichuchumaa.

"Karibu, mwanangu," alisema taratibu. "Leo usimsalimu mtu. Hata mimi. Pita tu ukakae."

Mtoto alisimama. Akaweka mikono nyuma. Alikaza midomo kwa muda, macho kwenye viatu vya mwalimu wake, kisha akasema haraka, "Shikamoo, Mwalimu."

Nilikuwa hatua tano tu kutoka hapo. Nilingoja nimsikie Bi Marahaba akiitikia, lakini hakuweza.