Wanafunzi Kumi na Tisa na Sinia la Kaimati

Kanisa letu la nyanda za juu, kule Tanzania ambako asubuhi watu huota moto wakiwa na makoti mawili mwilini, lilinituma Mombasa nikiwa na miaka ishirini na mitatu, niwe mmisionari kwa wanafunzi wa vyuo. Sharti lilikuwa moja: nipate wanafunzi kumi na wawili wa kudumu ndani ya miezi mitatu, au nirudi nyumbani. Nami sikutaka kurudi. Nilikuwa nimeshaupenda mji ule kwa upumbavu wa mtu anayependa mara ya kwanza. Nilipenda hata jasho lake.

Miezi miwili ilipokaribia kwisha nilikuwa na wanafunzi wanne. Tulikutana kila Alhamisi alasiri katika chumba cha kukodi Tononoka. Mimi nilihubiri kana kwamba wako elfu nne, wao wakijipepea kwa vijitabu nilivyowagawia.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nimepanga chumba cha juu Mji wa Kale, katika nyumba ya bibi mmoja mjane, mwenye sauti iliyojua kupanda ngazi bila yeye. Magharibi ya siku ya kwanza aliniletea sahani ya futari: viazi vitamu vya nazi, mbaazi, na kaimati sita zilizovikwa sukari iking'aa. Nikala, nikaosha sahani, nikairudisha. Nilijivunia usafi wake.

Bibi aliigeuza juu chini, kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Yarudi na upepo, mwanangu?"

"Nimeiosha, bibi."

"Naona. Hata maua yake umetaka kuyang'oa. Ela kwenu sahani ya jirani mwairudisha hivi hivi?"

Nilikuwa na nini cha kutia? Mezani kwangu palikuwa na vijitabu mia mbili vya injili. Niliviangalia, navyo vikaniangalia. Namshukuru Mungu kwa busara aliyonipa jioni ile, maana kwangu huwa haiji kila siku. Kesho yake nilikwenda Marikiti, nikanunua mahindi na maharage, nikapika makande, chakula pekee nilichokijua.

Baada ya adhana bibi alionja kijiko kimoja. Akakiweka kijiko chini.

"Kwenu hamna minazi?"

"Hakuna, bibi. Kuna baridi."

"Maskini," akasema, kwa huruma ya kweli, na siku iliyofuata akaniletea sinia zima.

Toka hapo ikawa mashindano. Nikipeleka bakuli la makande, yeye hujibu kwa sinia. Nikipeleka mawili, hupanda na majirani wawili wenye masinia yao, waliokwisha kusikia habari za kijana asiyejua nazi. Nisingeweza kula vyote, kwa hiyo vilivyobaki nikavibeba Alhamisi hadi Tononoka. Alhamisi iliyofuata walikuja wanafunzi tisa. Iliyofuata, kumi na tisa. Nikatuma ujumbe nyumbani: kumi na tisa, Roho anatenda kazi. Sikutaja nazi.

Jibu lilikuja upesi. Mama msimamizi wa misheni angekuja mwenyewe kujionea, Alhamisi ya kwanza baada ya Idi. Baada ya Idi, yaani bila futari. Nikashuka ngazi nikamwungamia bibi yote.

"Kwa hivyo wakija wanne, wewe warudishwa kwenu kwenye baridi."

"Ndiyo, bibi."

"Ukale makande."

"Ndiyo."

Alifikiri kidogo, akaenda kukanda unga.

Alhamisi hiyo alikuja na sinia mwenyewe, kwa sababu hakuniamini mimi na sukari, akaketi nyuma kabisa na buibui lake akingoja vyombo. Wanafunzi walitimia kumi na tisa. Mama msimamizi, mwanamke mfupi aliyevaa sweta katika joto lile, alinisikiliza hadi mwisho, akala kaimati tano, akafuta vidole kimoja kimoja, kisha akasimama.

"Bwana asifiwe. Fumbeni macho wote. Nani angekuja leo hata bila hivi vitamu? Inua mkono, na Mungu anakuona."

Mimi sikufumba. Iliinuka mikono minne, ya wale wale wa mwanzo. Na wa tano, kule nyuma, wenye bangili.

"Mama, hata wewe?" msimamizi akamwuliza bibi.

"Mimi ningekuja kumwombea kijana huyu asirudishwe," bibi akajibu. "Ela bila mimi, hivyo vitamu vingetoka wapi? Swali lako halikukaa sawa."

Chumba kizima kilicheka kikiwa kimefumba macho. Msimamizi hakucheka. Alifungua daftari, akakata kumi na tisa yangu, akaandika nne. Nikaanza kuiaga Mombasa kimoyomoyo, mtaa kwa mtaa, na nilikuwa nimefika kwenye maduka ya leso ya Biashara Street niliposikia sauti yake.

"Nakuongezea miezi mitatu. Wanane waliobaki uwatafute kwa Neno, si kwa sukari."

Wale kumi na watano wakafumbua macho. Mmoja wao akainua mkono, safari hii bila woga wowote.

"Mtumishi, kaimati zilizobaki tunagawana kabla ya sala ya kufunga, au baada?"