Neva Zilizopotea Njia

Mwaka wangu wa mwisho chuoni hapa Lubumbashi niliumalizia kwenye mayai, na vifaranga ambao hawajaanguliwa. Nilikuwa natafuta proteoglikani: protini zinazosimama juu ya seli zikiwa zimebeba minyororo mirefu ya sukari. Uzi wa neva unapokua huipapasa minyororo hiyo, nayo huuambia hapa pita, pale rudi. Nilipoikata kwa kimeng'enya, nyuzi zilipotea njia kabisa. Mawe, mama yangu wee! Nilicheka peke yangu mbele ya darubini kama kichaa.

Mwenzangu wa meza alikuja kuangalia. Kukata vipande vyembamba bila kuvichana nilimfundisha mimi mwenyewe. "Yaya, hii njo diplome yako," akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa. Nikafurahi. Mjinga mimi!

Sisi watu wa maabara huandika majina kwenye vioo vya kubandikia vipande hivyo kwa penseli, maana wino unayeyuka kwenye alkoholi. Penseli haiyeyuki, ila kifutio cha mtoto wa shule kinaiondoa mara moja. Hilo nililijua vizuri. Lakini umeme chuoni ulikuwa unakatika kila siku, na mjomba wa mwenzangu yule ana kliniki mtaani Kamalondo yenye jenereta na darubini ya kamera. Nikampa sanduku zima la vioo, na daftari langu juu yake, akanipigie picha.

"Haina neno, yaya," alisema.

Katika idara yetu somo moja la utafiti lina mwanafunzi mmoja, na anayeliwasilisha kwanza ndiye mwenyewe. Anayechelewa anaanza upya, mwaka mzima. Zamu yangu ilikuwa Ijumaa. Jumatano akasimama yeye mbele ya maprofesa, akaonyesha neva zangu. Kila kioo kilikuwa na herufi za jina lake.

Nilisimama. Nikasema ile ni kazi yangu, huyu ni mwizi, nilimwamini kama ndugu yangu wa tumbo moja!

Profesa akauliza, "Ushahidi uko wapi, mama?"

Ushahidi wote, vioo na daftari, ulikuwa mezani kwa mwenzangu yule. Wala hakukasirika. Aligeukia ukumbi kwa upole, akatabasamu.

"Ni kweli, yaya alinisaidia sana," akasema. "Njo yeye alikuwa anasafisha vyombo yote. Tumupigie makofi."

Wakanipigia makofi, ukumbi mzima. Profesa ndiye aliyeanza.